Nani Ataipa Ardhi Sabato Yake?

Amri ya nne haikumtaja mwenye shamba peke yake. Ilimtaja mtumishi na mgeni aliye malangoni, ikamtaja ng'ombe na punda, wote wapumzike siku moja. Sisi Wasabato wa Ntuzu, huku Bariadi, tunaishika. Ijumaa jua likikaribia kuzama maksai hufunguliwa nira, plau huachwa palepale ilipofikia, maji ya kesho huchotwa mapema. Palizi iwe imebana namna gani, Jumamosi humkuti muumini wetu shambani. Nimefundisha Shule ya Sabato kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, na sasa nikiwa mama mstaafu anayelima pamba, mtama na choroko kando ya barabara ya Bariadi kwenda Lamadi. Swali moja limezidi kunielemea. Mkulima tunampumzisha, maksai tunampumzisha. Ardhi yenyewe je?

Torati imelijibu swali hilo. Kitabu cha Kutoka sura ya 23 na Mambo ya Walawi sura ya 25 vinaagiza kwamba baada ya miaka sita ya kupanda na kuvuna, mwaka wa saba shamba liachwe. Kila ninapofika hapo darasani, watu hulipokea somo kama habari za Wayahudi wa kale, kisha tunageuza ukurasa. Mimi naamini ni habari zetu. Naamini pia jambo ambalo nimechelewa kusikia likihubiriwa: sabato ya mwili naweza kuishika peke yangu hata kijiji kizima kikiwa shambani, lakini sabato ya ardhi mtu mmoja haiwezi. Ni deni la kijiji kizima, na kijiji kisipolilipa hakuna mkulima atakayelilipa kwa niaba yake.

Nianze na shamba lenyewe. Kama mashamba mengi ya huku, langu linashuka mteremko. Juu, karibu na mawe, ni luseni, mchanga mwepesi unaolimika bila taabu na kuishiwa nguvu mapema. Katikati ni itogolo, udongo unaoshikamana na kukataa kunywa maji. Chini ni mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kumnasa ng'ombe masika. Mabibi zetu walijua kila daraja linataka nini: karanga, mihogo na viazi vitamu juu, mpunga wa majaluba kule chini maji yanakotuama, dengu mbugani mvua zikiwa zinakatika. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza kisayansi jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, na dunia nzima ikalichukua wazo lake. Maana yake kwa mkulima ni kwamba mteremko ni mwili mmoja. Udongo ukiondoka kwangu unamfunika jirani wa chini, na maji yasiyonyweka kwangu yanamchimbia korongo.

Mabadiliko ya shamba hili nimeyaona kwa macho yangu. Luseni imepauka. Katikati ya mtama yanachipuka maua ya zambarau ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi na kustawi pale rutuba inapokwisha. Sehemu zilizolimwa pamba mwaka hadi mwaka zinaota mimea mifupi yenye vitumba vichache. Mvua kubwa ya Desemba inayokuta ardhi imetifuliwa na haina jani inabeba kile kilichokuwa kitulishe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema asilimia 95 ya chakula chetu inatokana na udongo, na kwamba sentimita 2 hadi 3 za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kuumbika. Mvua moja ya mchana inaweza kuondoa kazi ya vizazi.

Udongo huo una pa kwenda. Mto Simiyu, pamoja na Duma unaoungana nao, unakusanya maji ya eneo la takribani kilometa za mraba 11,000 na kuyamwaga Ziwa Victoria upande wa Magu. Masika mto unakuwa na rangi ya mashamba yetu. Unalipelekea ziwa tope na virutubisho vinavyochochea mwani na kuwasumbua wavuvi ambao hawajawahi kushika jembe Bariadi. Na ni ziwa hilohilo ambalo mradi mkubwa wa maji wa Simiyu, uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, umekusudiwa kutuletea maji ya kunywa katika wilaya zetu. Tunawachafulia wengine maji, na tunajichafulia wenyewe.

Ndipo huja pingamizi la kwanza, na lilitoka kwa kijana mmoja darasani, mwenye akili na heshima. "Mayu (yaani mama), Bwana yu karibu kuja, na nchi hii itafanywa upya. Kuna haja gani ya kujitesa kubeba samadi?" Wenzake walitikisa vichwa kukubali, na nilifurahi kwamba limesemwa hadharani, maana wengi wanaliwaza kimoyomoyo.

Nilimjibu kwa mafundisho yetu wenyewe. Tunaamini mwili huu utafufuliwa ukiwa mpya, usioharibika. Lakini kanisa letu halisemi kwamba kwa kuwa mwili mpya unakuja, basi tunywe pombe na kuvuta tumbaku tunavyotaka. Linasema mwili ni hekalu, utunzwe mpaka siku ile. Ikiwa tumaini la ufufuo halitupi ruhusa ya kuuharibu mwili, tumaini la nchi mpya linatupaje ruhusa ya kuiharibu nchi? Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kazi mbili zikitajwa pamoja, na agizo hilo lilitolewa kabla ya dhambi. Na Ufunuo sura ya 11, katika kitabu hichohicho tunachokisoma kuliko vyote, inasema hukumu inawangoja wanaoiharibu nchi. Mtumishi anayejua bwana wake anarudi karibuni ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kukutwa nyumba ikiwa imefagiliwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halijibiwi kwa aya. Ni njaa. Mwenye ekari mbili na watoto sita hawezi kuacha ekari moja ikae bure mwaka mzima. Mjane anayetegemea kilo chache za choroko kununua sare za shule hana mwaka wa saba. Mkulima wa pamba aliyechukua mbegu na dawa kwa mkopo, atakaokatwa siku ya kuuza pamba yake, ana deni linalomsukuma kulima kila kipande mpaka ukingo wa barabara. Kumwambia mtu huyo kwamba anaidhulumu ardhi, bila kumwambia atakula nini, ni kumtwika mzigo ambao wewe mwenyewe huugusi kwa kidole.

Lakini Torati haikumwambia hivyo. Ukiisoma sheria ya mwaka wa saba kwa makini unakuta imefungwa pamoja na mambo mengine mawili. La kwanza, chochote kilichoota chenyewe katika shamba lililopumzika kilikuwa cha maskini, kisha cha wanyama wa porini. Pumziko la ardhi lilikuwa chakula cha asiye na kitu. La pili, Kumbukumbu la Torati sura ya 15 inaagiza madeni yaachiliwe kila mwisho wa miaka saba. Ardhi na mdaiwa walipewa nafasi ya kupumua kwa hesabu moja ya miaka, na sidhani ni kwa bahati. Aliyetoa sheria alijua kwamba mtu aliyebanwa na deni hawezi kuipumzisha ardhi hata akitaka. Na mwaka wa Walawi haukuwa mwaka ambao kila mkulima anajichagulia. Ulikuwa mwaka mmoja kwa taifa zima.

Hata hivyo haukuwa rahisi, na haujawa rahisi mpaka leo. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa Kiyahudi waliokuwa wakianza maisha Palestina waliona kwamba wakiacha kulima mwaka mzima wataangamia. Rabi Abraham Isaac Kook aliruhusu mashamba yauzwe kwa muda kwa asiye Myahudi ili kazi iendelee, wengine wakampinga vikali, na mjadala huo ulirudi tena katika mwaka wa saba wa 2021–2022. Wala siudharau upande wowote. Ninachokiona katika mjadala huo ni kwamba pumziko la ardhi ni jambo la kuamuliwa pamoja.

Hapa kwetu jambo hilo lilinifikia kwa njia ya ng'ombe. Niliacha kipande cha juu, kile cha luseni, bila kukilima, nikatandaza mabua ili yaoze. Nyasi zikaanza kushika. Mavuno yalipokwisha kijijini, mifugo ikaingia, na baada ya siku chache palikuwa peupe, pamekanyagwa, vumbi tupu. Aliyeleta ng'ombe hakuvunja desturi yoyote. Kwetu mavuno yakitoka shambani, mabua ni ya mifugo ya wote, na desturi hiyo ina huruma ndani yake, kwani Septemba haina malisho na ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni hospitali. Nilichojifunza ni kwamba uamuzi wangu peke yangu haukuwa na ukuta. Uchaji wa mtu mmoja hauzuii kundi la ng'ombe.

Usukuma unajua vizuri pumziko la ardhi linapoletwa kwa nguvu. Wakati wa ukoloni vichaka vya nchi hii vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuwaondoa mbung'o. Kisha serikali ya Waingereza, katika mpango wake wa maendeleo ya Usukuma wa kuanzia 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950, ikawaamuru watu kulima kwa matuta yaliyofungwa, kupunguza mifugo, kufuata masharti kadha wa kadha. Baadhi ya mambo hayo, kwa udongo wenyewe, yalikuwa na faida. Lakini yalikuja kwa faini na amri, na watu wakayachukia pamoja na walioyaleta. Siasa ilichemka kiasi kwamba TANU ilipigwa marufuku Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Uhuru ulipokuja, matuta yakaachwa kama alama ya utumwa. Ardhi ilipoteza watetezi kwa sababu walioitetea walimdharau anayeilima. Kisha katika miaka ya 1970 kuhamia vijijini kukawatoa wengi kwenye maeneo waliyokuwa wakiyatunza, na mengi ya maeneo hayo yakalimwa au kuchungwa mpaka yakaisha.

Mwaka 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Haukuanza na jambo geni. Ulirudi kwenye ngitili. Mzee wa Kisukuma alikuwa akizuia eneo la nyasi na miti tangu mvua zinapoanza, asiingize mnyama, hadi kiangazi kikali ambapo maksai wa plau, ndama na ng'ombe dhaifu hufunguliwa humo. Kulikuwa na ngitili ya kaya na ngitili ya kijiji. Zilizojulikana mwanzoni mwa mpango zilikuwa kama hekta 600. Mapema miaka ya 2000 zilizorejeshwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miti ilirudi yenyewe kutoka visiki vilivyokuwa hai chini ya vumbi. Nyasi za kuezekea zikarudi, pamoja na dawa za mitishamba, kuni na asali.

Ninachotaka msomaji akione ni nani aliyezilinda. Ilikuwa dagashida, baraza la jadi linalokaa na kukubaliana, na sungusungu waliohakikisha makubaliano yanashikwa. Nyasi zilezile ambazo hazikuweza kulindwa na amri ya bwana shauri zililindwa na watu waliokubaliana. Mwenye ng'ombe hakunyimwa malisho. Aliahidiwa malisho bora zaidi Septemba akivumilia mwezi wa Machi. Hiyo ndiyo sabato ya ardhi kwa lugha ya Kisukuma, na ilikuwapo kabla hatujasomewa Walawi.

Mtu atauliza: ngitili ni malisho, shamba la kulima je? Naamini pumziko la ardhi si lazima liwe kuiacha tupu. Sabato yetu yenyewe si kulala kutwa; ni siku ya kurudishiwa nguvu, na tunaiita siku ya furaha. Ardhi inapumzika inaporudishiwa kuliko inavyotolewa. Choroko, kunde na dengu zina vinundu kwenye mizizi, na bakteria wa humo wanachukua naitrojeni ya hewani na kuiacha udongoni, kwa hiyo kipande kilichotoka pamba kikapewa choroko kimepata nafuu, na mama amepata cha kuuza. Samadi tunayo, katika mkoa wenye ng'ombe wengi hivi, lakini inalundikana zizini miaka na miaka, au inakaushwa kuwa kuni pale miti ilipokwisha. Mkokoteni wa punda ukiipeleka luseni kabla ya mvua, mtama unajibu msimu uleule. Makinga maji yakichorwa kufuata usawa wa mteremko yanayapunguzia maji mwendo, mradi jirani wa juu naye ayachimbe, maana mafuriko yake yatayapasua yangu.

Pamba ina ugumu wake, nao usifichwe. Masalia yake tunatakiwa kuyang'oa na kuyachoma kabla ya msimu mpya ili funza wasipate pa kujificha, na ni kweli kwamba yakiachwa wadudu wanaongezeka. Lakini kila moto huo unaondoa mboji ambayo udongo ungeipata. Anayelima pamba basi ana deni la ziada: alichokichoma akirudishe kwa samadi na kwa kubadilisha mazao. Kule Mwamishali wilayani Meatu, tangu 1994, wapo wakulima wanaolima pamba hai chini ya mpango wa bioRe, bila mbolea wala dawa za viwandani, wakitegemea samadi na mzunguko wa mazao. Si kila mtu atafuata njia hiyo, na mbolea ya ruzuku inawasaidia wengi. Lakini kuwapo kwao kunamnyamazisha anayesema pamba na udongo haviwezi kuishi pamoja.

Kuna wengine ambao hata wakitaka hawana nafasi. Anayekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kubeba samadi, kwani faida ataila mwingine. Mama anayelima shamba la ukoo wa mume, asiyejua kama atabaki nalo mume akifariki, hapandi mti. Sheria ya Ardhi ya 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Nikiisoma sheria hiyo kando ya Walawi 25, ambapo Mungu anasema nchi ni yake na sisi ni wageni na wapangaji kwake, naona maneno mawili yanayokutana. Hakuna kati yetu mwenye ardhi kwa ukamilifu. Kwa sababu hiyohiyo hakuna anayepaswa kukaa juu yake kwa hofu ya kufukuzwa kesho. Mpangaji mwaminifu anahitaji uhakika wa kukaa. Wazee wa ukoo wanaomnyima mjane uhakika huo wanainyima ardhi pumziko lake, hata kama wao hawajawahi kukata mti.

Tusipokubaliana, ardhi ina njia yake. Walawi sura ya 26 inaonya kwamba watu wakiinyima nchi sabato zake, itazichukua wao wakiwa uhamishoni, na Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati kinamalizia kwa kusema ilipumzika miaka 70. Wasukuma tunaijua safari hiyo. Ndugu zetu wamehama na mifugo kwenda Geita, Katavi, Rukwa, Usangu, Kilombero na hadi Lindi, wakitafuta ardhi isiyochoka. Mwaka 2006 wengi waliondolewa Ihefu, hukohuko Usangu, kwa agizo la serikali, na huko wanakokwenda wamegombana na wakulima waliowakuta. Siwalaumu waliohama, wengi walikuwa na njaa. Lakini nchi ya kuhamia inakwisha, na kila tunapohama tunabeba jembe lilelile.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na nayaomba kwa dhati. Serikali ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya sheria ya 1982 ya serikali za mitaa, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji uzijadili siku za mifugo kuingia mashambani, ukubaliane ni vipande gani vitafungwa na hadi mwezi gani, na uweke malisho ya pamoja ili mwenye ng'ombe asilipe peke yake gharama ya pumziko hilo. Chama cha msingi cha ushirika nacho kijadili namna wakulima walioweka kunde badala ya pamba msimu huu watakavyopewa muda zaidi wa kulipa mikopo yao.

Ombi la pili ni kwa makanisa na misikiti yetu. Mkulima wa Bariadi anasikiliza mahubiri kila wiki, na afisa ugani humwona mara chache. Ardhi ya kanisa iwe ya kwanza kuwa na makinga maji na ngitili. Katika mavuno tunayoyaleta madhabahuni, tuulize pia udongo umerudishiwa nini. Na wachungaji waache kulifundisha somo la mwaka wa saba kama historia.

Najua ni kazi ngumu. Lakini sisi Wasabato hatuwezi kusema haiwezekani. Kila Ijumaa jioni, bila askari wala faini, maelfu ya watu katika mkoa huu wanasimamisha plau katikati ya msimu kwa sababu wamekubaliana kumtii Mungu. Watu wanaoweza kufanya hivyo kila wiki ya maisha yao wanaweza kukubaliana na jirani zao wasio Wasabato kulinda nyasi kuanzia Desemba hadi Agosti. Amri ni ileile, na Aliyeitoa ni yuleyule.